Rodi, rili na chambo cha besi wa Naivasha: tatizo langu liko wapi?

Mwana_Karagita
Wakuu, salamu. Nimezoea kuvua tilapia hapa Ziwa Naivasha kwa mshipi wa mkono na nyungunyungu. Sasa nataka besi (largemouth bass, samaki mla nyama), na nawataka kwa rodi na chambo bandia.

Rodi yangu nilinunua kwa jamaa aliyekuwa anahama Kilifi. Ni ya futi 8, ngumu, na imeandikwa mshipi wenye nguvu ya kubeba ratili 20 hadi 40. Rili ni ile ya kuning'inia chini ya rodi, kubwa, ya baharini, yenye nailoni nene. Chambo nilicho nacho ni kijiko cha kuvulia, cha chuma cha rangi ya fedha, cha gramu 7 na samaki wa plastiki mwenye ulimi mbele. Nikirusha, kijiko kinaanguka karibu na mtumbwi hata nikitumia nguvu zote. Besi nimewahi kuwaona wakikifuata, wakifika karibu wanageuka. Majirani kwa chambo hai wanawatoa.

Nibadilishe nini kwanza: rodi, rili au chambo? Pesa ninayo ya kitu kimoja kwa sasa, labda viwili.

Kolekole_Mtwapa
Usinunue chochote. Rodi ya futi 8 ni mali. Mimi natumia rodi moja kwa kolekole, tewa na hata nguru tukirambaza nje ya miamba. Ongeza chubwi mbele ya kijiko, kitaruka mbali. Na funga kipande cha waya karibu na ndoana, samaki mla nyama atakukatia.

Dallas_Mtanzania
@Kolekole_Mtwapa kaka, kwa nguru nakubali, kwa besi hapana. Besi hana meno ya kukata. Ukimshika mdomo wa chini kwa kidole gumba unahisi kama msasa, basi. Waya utaharibu mwendo wa chambo bure.

Mwana_Karagita, mimi nipo Texas na besi ndiyo samaki wangu. Chukua rodi yako, tazama maandishi juu ya kishikio. Karibu na ratili za mshipi pale huwa kuna uzito wa chambo, kwa wakia au gramu. Rodi ya baharini ya aina hiyo hutaka gramu 30 na zaidi. Wewe unaipa gramu 7. Rodi inarusha kwa sababu imejipinda nyuma na kufyatuka mbele. Kama chambo hakina uzito wa kuipinda, unarusha kwa mkono wako tu. Ndiyo maana kinaanguka miguuni.

Tafuta rodi ya wastani, futi 6 na nusu hadi 7, inayobeba gramu 7 hadi 18, inayojipinda zaidi kwenye ncha kuliko katikati. Rili ya chini namba 2500 au 3000. Mshipi ratili 10 au 12. Hiyo itakurushia karibu kila kitu utakachohitaji mwaka wa kwanza.

Fundi_wa_Nakuru
Nakubaliana na Dallas kuhusu rodi, sikubaliani kuhusu rili. Naivasha ina mafunjo na magugu maji. Besi akishagonga, kazi yake ya kwanza ni kurudi kwenye mizizi. Na mshipi wa ratili 10 utamwacha aende. Hapa unataka rili ya kukaa juu ya rodi, ile ambayo ngoma yenyewe inazunguka, rodi nzito kidogo ya futi 7, na mshipi wa kusukwa wa ratili 40 au 50. Ukimpata, humpi nafasi, unamtoa.

SangaraMwanza
Wadau, huyo besi si ndugu yake sangara? Familia moja. Vifaa vya sangara vinamtosha kabisa.

Mwalimu_wa_Maji
@SangaraMwanza hapana mkuu. Sangara ni wa kundi la *Lates*, ni samaki wa Afrika, na yumo katika maziwa ya Turkana na Albert tangu enzi. Besi ni wa familia nyingine kabisa, ya samaki wa Marekani Kaskazini. Wanafanana umbo na tabia ya kuvizia. Na kwa ukubwa hawalingani: sangara anapita kilo 100, besi wa kilo 3 hapa kwetu ni wa kupigiwa picha.

SangaraMwanza
Sawa mwalimu, nimepokea. Ila kuvizia ni kuvizia. Sangara wetu hukaa kwenye kivuli cha jiwe akingoja. Wewe unamtafutia jiwe lake.

Gura_Trauti
Hao besi aliwaleta Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, alipokuja kuwinda, babu alikuwa akitusimulia. Trauti wetu wa mlimani ndio wana heshima: mlowezi Mwingereza Ewart Grogan aliwatia mto Gura mwaka 1905 na mpaka leo wapo.

Mwalimu_wa_Maji
Gura uko sahihi, 1905. Naivasha hapana. Roosevelt alikuja Kenya 1909 na akafariki Januari 1919. Besi waliingizwa Naivasha mwaka 1929, kutoka Marekani. Miaka kumi baada ya mazishi yake. Hadithi hiyo inarudiwa sana kando ya ziwa, hata waendesha mashua huwapa watalii.

Kwa faida ya wengine: karibu kila samaki anayeliwa kutoka Naivasha ni mgeni. Aina mbili za tilapia zikaja 1956, kamba wekundu wa maji baridi wa Louisiana (crayfish) 1970, samaki kapu (carp) akaonekana mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hilo la kamba mwana uzi, yaani aliyeanzisha mjadala huu, alishike, maana ndicho chakula cha besi mkubwa.

Mzee_wa_Kamere
Vijana, nawasoma tangu asubuhi. Mnabishana juu ya rili wakati hamjamuuliza kijana anavulia wapi.

Ziwa hili limepanda sana tangu 2019, na 2020 lilipofika kwenye nyumba za mtaa wa Kihoto kila mtu aliona. Migunga iliyokuwa nchi kavu sasa imesimama majini, imekufa, na chini yake kuna nyaya za fensi, nguzo, vichaka. Besi wamehamia humo. Zamani tulikuwa tunafuata ukingo wa mafunjo, sasa unafuata magogo. Ukirusha kijiko chenye ndoana wazi mle, utakiacha humo humo, na kingine, na kingine.

Mwanangu, wewe unavulia wapi?

Mwana_Karagita
Shikamoo mzee. Asubuhi huwa naanzia upande wa mdomo wa mto Malewa, baadaye naelekea Crescent Island.

Kisumu_Ndoana
Malewa baada ya mvua ni chai ya maziwa. Kijiko cha fedha kwenye maji ya tope hakimulikwi na kitu, hakuna wa kukiona. Tatizo lako ni rangi. Tumia nyeusi na buluu, umalize uzi.

Fundi_wa_Nakuru
@Kisumu_Ndoana kama maji ni chai, yeye aliwaonaje wakifuata?

Kisumu_Ndoana
Hapo umenibana. Mwana uzi ajibu.

Mwana_Karagita
Niliwaona Crescent, maji ni safi zaidi kule. Malewa sijaona hata mmoja.

Dallas_Mtanzania
Basi ni matatizo mawili. Malewa hawakioni kijiko. Crescent wanakiona vizuri mno, pamoja na mshipi mnene wa nailoni unaokivuta. Kwenye maji safi jaribu florokaboni ya ratili 10: inazama, na haionekani kirahisi majini. Na uvute polepole. Besi anayefuata halafu anageuka mara nyingi amepewa muda wa kukagua kitu kinachokwenda mwendo mmoja tu. Simamisha, acha kizame, vuta tena.

Gura_Trauti
Au amekiona kivuli cha mvuvi. Samaki akifika karibu na mtumbwi anamwona mtu amesimama na shati jekundu. Kwa trauti hiyo peke yake inatosha kuharibu asubuhi nzima. Keti chini.

Mama_Minneapolis
Habari zenu. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunavua besi kwenye maziwa ya mtaani hapa Minnesota, tukiwa kwenye gati la mbao, bila mashua. Kaka zangu mnamtisha kijana kwa vifaa.

Watoto wangu wanatumia rodi nyepesi na rili ndogo ya chini, na mnyoo wa mpira wa inchi 5. Ndoana tunaipitisha katikati ya mnyoo, pande zote mbili zinaning'inia. Hakuna chubwi. Unautupa, unaacha uzame wenyewe, miisho yote miwili inatetemeka ikishuka. Huvuti kabisa. Mshipi ukianza kwenda pembeni, ujue amechukua. Mwanangu wa kike, ana miaka tisa, anawashinda wanaume wenye rodi tano begani.

Pakiti ya minyoo ni rahisi kuliko rili yoyote mliyoitaja. Anunue rodi ya wastani na minyoo.

Mzee_wa_Kamere
Huyu mama amesema jambo. Ila mwanangu, ndoana iliyo wazi katikati ya mnyoo kwenye migunga yetu itanasa gogo kabla ya besi.

Dallas_Mtanzania
Mzee, hapo ndipo ndoana inafichwa, na nitaeleza kwa wasiojua maana ndiyo silaha yangu kubwa.

Kwanza unapitisha mshipi kwenye chubwi ndogo yenye umbo la risasi, gramu 7, ncha ikitazama mbele. Unafunga ndoana pana yenye shingo iliyokunjwa, namba 3/0. Unachoma kichwa cha mnyoo kwa ncha, ndani kama nusu sentimita, unaitoa kando. Unateleza mnyoo mpaka shingo ya ndoana iingie kichwani, kisha unaigeuza ndoana itazame mwili. Sasa pima: pale ncha inapogusa mnyoo ndipo utakapoichoma, mnyoo ukiwa umenyooka. Ukiukunja hata kidogo utazunguka majini na kusokota mshipi wote. Choma mpaka ncha itokee mgongoni, halafu vuta ngozi ya mpira mbele kidogo uifunike ile ncha.

Hicho kitu unakitupa katikati ya matawi, kinapanda juu ya gogo, kinashuka upande wa pili. Besi akigonga utahisi tap-tap kwenye rodi. Shusha ncha, kaza mshipi, piga juu kwa nguvu, kwa sababu ndoana lazima itoboe mpira kwanza ndipo ifike mdomoni. Hapo ndipo rodi laini inakosa, na hapo nampa Fundi haki yake: kwa ndoana iliyofichwa, rodi iwe na uti.

Fundi_wa_Nakuru
Asante, hatimaye. Na rodi yenye uti inakwenda na rili ya juu.

Dallas_Mtanzania
Sio lazima. Mwana uzi hajawahi kurusha rili ya juu. Ngoma ikizunguka haraka kuliko chambo kinavyoruka, mshipi unafumuka na kujisokota, na upepo wa Naivasha wa mchana utamtesa na chambo cha gramu 7.

Fundi_wa_Nakuru
Ni mazoezi ya uwanjani tu. Funga chubwi ya gramu 15 bila ndoana, nenda kwenye nyasi. Kaza kile kifundo cha pembeni mpaka chubwi ikishuka yenyewe ngoma isimame inapogusa chini. Kidole gumba kinakaa juu ya mshipi muda wote, kinagusa kidogo chubwi ikiruka, kinakaza kabla haijatua. Vijana nimewafundisha na wakaelewa. Faida yake: kidole hicho hicho kinakutulizia chambo pale pale unapotaka, kando ya gogo, bila kishindo. Rili ya chini haikupi hiyo.

Mama_Minneapolis
Inakupa. Unagusa ukingo wa ngoma ya mshipi kwa kidole cha shahada. Binti yangu anafanya hivyo.

Kolekole_Mtwapa
Mimi bado nasema rodi ni rodi. Lakini waya nimeuondoa 😄

Nyavu_na_Sheria
Kabla ya rodi, leseni. Mwana uzi apitie ofisi ya uvuvi pale Naivasha aulize leseni ya uvuvi wa burudani na kama kuna kipindi cha kufunga ziwa kwa sasa. Nyote mlioko ng'ambo mnajua hilo huko halina mjadala.

Dallas_Mtanzania
Kweli kabisa. Texas kuanzia miaka 17 lazima leseni, besi ni watano kwa siku na asiwe chini ya inchi 14, kama sentimita 36. Na kuna maziwa yenye masharti yake: Lake Fork, besi wa kati ya inchi 16 na 24 wote unawarudisha. Ndipo ilipotoka rekodi ya jimbo mwaka 1992, ratili 18.18. Wale wa ukubwa huo wa katikati wanaachwa wazae.

Mzee_wa_Kamere
Sisi wale wa katikati ndio tunaowamaliza, kwa nyavu za macho madogo. Mnauliza kwa nini besi wamepungua, mnamsingizia kapu. Kapu hajashona wavu.

Mwalimu_wa_Maji
Mzee, kapu naye ana lake. Anachimbua tope akitafuta chakula, mimea ya chini inang'oka, maji yanabaki machafu, na besi ni samaki wa kuwinda kwa macho. Baba besi ndiye anayelinda mayai kwenye kiota alichofagia kwenye kina kifupi. Kiota kikifunikwa na tope, kizazi kimekwenda.

Kisumu_Ndoana
Na kiwango cha maji kikipanda na kushuka je? Kiota cha kina kifupi kinaweza kubaki nchi kavu. Kabla ya haya mafuriko ziwa lilikuwa likipungua sana. Mimi nadhani hilo ndilo kubwa.

Mzee_wa_Kamere
Likipungua samaki walipungua, likijaa wakarudi kiasi. Lakini nyavu zile zile zipo.

Gura_Trauti
Turudi kwenye chambo. Mwana uzi amesema majirani wanawatoa kwa chambo hai. Mbona hakuna aliyemwambia atumie chambo hai tu? Besi mkubwa kuliko wote duniani alichukua nini?

Mwalimu_wa_Maji
Swali zuri, maana rekodi ina wenyewe wawili. George Perry, Georgia, Juni 1932, ratili 22 na wakia 4, kilo 10 na kitu, na yeye alitumia samaki wa bandia. Manabu Kurita, Ziwa Biwa huko Japani, Julai 2009, alimzidi kwa wakia moja hivi, kwa samaki hai. Kanuni inataka umzidi kwa wakia 2, hivyo wakaandikwa sare. Chambo hai na chambo bandia, wamelingana.

Fundi_wa_Nakuru
Biwa besi naye ni mgeni, kama kwetu.

Gura_Trauti
Kwa hiyo hai ilizidi kwa wakia moja. Mimi ningeihesabu.

Mwana_Karagita
Nashukuru wote. Chambo hai nakijua, nataka kujifunza hiki kingine, kwa sababu kwa chambo hai samaki anameza ndoana mpaka tumboni na mdogo harudi majini akiwa mzima. Nimeamua rodi ya wastani futi 7 na rili ya chini 3000, na pakiti ya minyoo ya mpira. Rangi gani?

Kisumu_Ndoana
Nyeusi na buluu.

Mama_Minneapolis
Kijani cha tikiti maji. Maji safi au machafu kiasi, kinafanya kazi.

Mzee_wa_Kamere
Kahawia inayoelekea wekundu, kama kamba wetu. Pasua tumbo la besi mkubwa wa hapa uone alichokula. Na usimvute kama samaki. Kamba akishtuka anarudi nyuma kwa mrusho mmoja, kisha anatulia chini. Ruka, tulia. Ruka, tulia. Hapo kwenye kutulia ndipo anachukuliwa.

SangaraMwanza
Na rodi ya baharini aiuze?

Kolekole_Mtwapa
Ilete Mtwapa, nitainunua leo.

Dallas_Mtanzania
Kabla hujalipia rodi mpya, ikague. Pitisha pamba ndani ya kila pete. Ikinasa nyuzi, pete ina ufa na itakukatia mshipi. Mimi niliuziwa rodi kwenye duka moja kubwa ikiwa na pete iliyopasuka, nikapoteza samaki mzuri kabla sijajua kinachokata.

Nyavu_na_Sheria
Na jaketi la kujiokolea, tafadhali. Upepo wa saa nane mchana pale Naivasha unainua mawimbi ghafla, na kando ya mafunjo kuna viboko. Anayesimama mtumbwini kurusha ni rahisi kuanguka.

Gura_Trauti
Ndiyo maana nikasema akae chini.

Fundi_wa_Nakuru
Akikaa chini na rodi ya futi 7 atagonga maji kila akirusha. Futi 6 na nusu basi.

Mama_Minneapolis
Rusha kwa pembeni, mkono ukiwa chini. Watoto wanarusha hivyo wakiwa wamekaa gatini, na inapita chini ya matawi pia.

Mwana_Karagita
Mzee wa Kamere, hiyo migunga unayoisema iko upande gani? Na naweza kuja na mtumbwi wangu au kuna wenyewe?

Mzee_wa_Kamere
Njoo ufukweni Kamere kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, uliza mwenyekiti wa wavuvi, jitambulishe. Usipite juu ya nyavu za watu. Leta hiyo kahawia. Hiyo nyeusi ya Kisumu leta pia, tutaona.

Kisumu_Ndoana
Mlete majibu hapa. Na maji yalikuwa ya rangi gani, msifiche.